Wakuu naombeni ushauri, wife majibu ya utumbo yametoka Marsh 1, anaumwa siliaki au haumwi?

Mzaramo_Mpole: Wakuu habari zenu. Wife damu haipandi, vidonge vya madini chuma kameza mpaka kachoka, gesi, kuharisha. Daktari akahisi siliaki, ile ya utumbo kudhurika na gluteni, protini iliyopo kwenye ngano, damu wakapima tTG-IgA (antibodi, yaani kingamwili, za siliaki) haina kitu, wakaingiza kamera wakakata vinyama, ripoti Marsh 1, ile ngazi ya utumbo ulivyoharibika. Dokta anasema haijathibitika. Sasa mtu anaumwa au haumwi?

Kichuguu: Pole mkuu. Shangazi yangu hivyohivyo kumbe giadia, vijidudu vya tumboni, akapewa metronidazoli, saivi kanenepa bajaji anapanda peke yake 😂

MaabaraTu: Marsh 1 ni chembe nyeupe zimezidi kwenye ukuta wa utumbo, vile vinyweleo vya ndani vinavyonyonya chakula bado vimesimama. Vikifupika ndo 3a, vikilala kabisa 3c. 1 inaletwa hata na H. pylori (bakteria wa tumbo) au diklofenaki (dawa ya maumivu), peke yake haitoshi. Kabla ya kupima alikua anakula ngano?

Mzaramo_Mpole: Anakula kawaida tu.

MaabaraTu: Kawaida ndo nini? Chapati, mkate, kila siku?

Mzaramo_Mpole: Aah, alikua kaacha tangu kabla ya Ramadhani, kuna mama wa lishe kwenye grupu la watsap alishauri, na kuharisha kukapungua kweli. Msinishambulie, chapati hazirudi kwangu, gunia la unga wa muhogo nishanunua.

MaabaraTu: Ndo hapo sasa! Ukiacha ngano antibodi zinashuka na utumbo unaanza kupona, kipimo kinakosa cha kuona. Arudie ngano wiki kadhaa, daktari akisimamia, apimwe upya pamoja na IgA ya jumla (kingamwili zote za aina ya IgA), maana ikiwa chini tTG-IgA haitaonyesha kitu hata kama anaumwa. Hataki kula? Kuna kipimo cha jeni za kurithi, HLA-DQ2 na DQ8, zikikosekana zote siliaki karibu unaifuta.

Mama Imani: Vijana mmeacha kumuomba Mungu mnaomba watsap.

Ngosha wa Kirumba: Subirini. Mume gani anajua tTG-IgA? Hii asaimenti ya udaktari, dogo kasome.

Mzaramo_Mpole: Ripoti hii hapa, jina nimefuta.

Ngosha wa Kirumba: Jina umefuta, jinsia umeacha. Imeandikwa ME 🤣🤣

Mzaramo_Mpole: Haya ni mimi. Ningesema ni mimi mngeanza na habari za bia.

MaabaraTu: Bia ya shayiri ina gluteni mkuu. Daktari anajua kama unakunywa?

Mzaramo_Mpole: Wikiendi tu.