Tupeane uzoefu: chakula cha Jumamosi na ulezi wa watoto wa mitaa yetu

Mtoto wa mitaa kama Obunga, Kisumu, au Rhonda, Nakuru, anayepata chakula shuleni Jumatatu hadi Ijumaa hana uhakika wa sahani Jumamosi na Jumapili. Mnaopika na kulea wikendi, leteni vipimo, ratiba na yale yanayoharibika. Karibuni.

Jikoni Manyatta
Nyoyo (mahindi na maharagwe, yaani githeri) ya watoto 60: mahindi kilo 9, maharagwe kilo 2.4, mafuta gramu 300. Yaani gramu 150, 40 na 5 kwa kila mtoto. Kwa gorogoro (mkebe wa kupimia nafaka) ya kilo mbili, mahindi ni nne na nusu, maharagwe moja na robo hivi. Loweka Ijumaa jioni, mahindi kando na maharagwe kando, kisha umwage maji hayo asubuhi. Sufuria iwe ya lita 50, maana punje huvimba mara mbili na zaidi.

Maharagwe mekundu yatokote kwa nguvu dakika kumi kabla ya kupunguza moto. Yakiachwa kwenye moto wa chini tu, yanabaki na sumu inayotapisha. Nyanya zingoje punje ziive, kwa kuwa uchachu wake huzuia maganda kulainika. Magadi yanaokoa kuni lakini yanaharibu vitamini B1, na watoto hawa hawana ya kupoteza. Mahindi yaliyoota ukungu tupeni. Aflatoksini, sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha.

Rhonda
Asante dada. Kwetu Nakuru kuna jambo la maji. Visima virefu vingi vina floraidi nyingi, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuitoi, na maji yakipungua inazidi kukolea. Uji upikieni maji safi ya mvua yaliyochemshwa, au yaliyopitia chujio la makaa ya mifupa.

Mwalimu wa Jumamosi, Nyalenda
Ratiba ndiyo inayobeba kazi yote. Mkitoa mlo mzima asubuhi, nusu wanaondoka kabla ya masomo. Mkiuweka mwisho pekee, wanasoma na njaa na hakuna linaloingia. Uji kikombe kimoja saa tatu, mkiandika majina hapo hapo, vikundi saa tatu unusu, michezo, nyoyo saa saba. Aliyechelewa au asiyetaka kusoma ale pia. Chakula kisigeuzwe fimbo.

Vikundi vipangwe kwa uwezo wa kusoma. Mpe mtoto herufi, halafu maneno, aya, hadithi fupi. Anapokwama ndipo kikundi chake. Msishangae mtoto wa gredi ya tano akianzia kwenye maneno, ila msimketishe na wadogo wa miaka sita, atakimbia. Mlezi mmoja kwa watoto wanane, na aahidi muhula mzima. Mlezi anayepotea baada ya wiki tatu humwumiza mtoto aliyekwisha kuachwa na wengine.

Tena, wasichana wengi wakubwa wanalea wadogo zao Jumamosi. Mkikataza wadogo, dada naye habaki. Tandikeni mkeka pembeni, mama mmoja awaangalie, na wahesabiwe kwenye sufuria.

Mhamasishaji wa afya, Kaptembwo
Walezi wote wawe na cheti cha nidhamu njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Hakuna mtu mzima kubaki na mtoto faraghani, na hakuna kuwapiga picha wakiwa kwenye foleni ya chakula. Mtoto akieleza kudhulumiwa, mlezi asimhoji wala asiahidi kuficha siri: andika maneno yake kama alivyosema, piga 116, simu ya bure, na umjulishe afisa wa watoto.

Swali kutoka Bandani
Na Jumapili je? Tuwafungie nyoyo iliyobaki?

Jikoni Manyatta
Usifunge, ndugu. Kwa joto la Kisumu chakula kilichopikwa kikae saa mbili tu, baada ya hapo kinaanza kuharibika. Mpe kila mtoto unga wa uji mkavu nusu kilo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, basi aje na mkebe wenye kifuniko.


Ukiweza ongeza omena (dagaa) gramu 100, zilizopepetwa mchanga. Mweleze mzazi azioshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu na azipike na vichwa vyake, bila kutupa mifupa.