Elektrodi za bei ya chini zinanimaliza: nipigeje hesabu ya kweli?

Mleta mada

Wakuu, naomba mawazo yenu. Nina karakana ndogo, tuko watatu, kazi zetu ni kuchomelea mageti, stendi za matangi na matrela madogo. Miezi michache iliyopita nilibadilisha elektrodi, yaani fimbo za kuchomelea. Nilikuwa natumia aina ya 6013 za milimita 3.2 nilizozizoea kwa miaka, nikakutana na nyingine: namba ileile, unene uleule, bei karibu nusu. Nikabeba katoni nzima.

Mwanzoni sikuona kitu. Baadaye nikagundua kwamba grainda haipumziki. Kijana wangu anachoma dakika mbili, anasaga dakika tano. Matone ya chuma yametapakaa pembeni ya mshono kama upele, slagi (lile gamba linaloganda juu ya mshono) imeng'ang'ania kingoni, na elektrodi inazima katikati. Ukiiwasha tena inaacha kidonda palepale. Diski zilizokuwa zinatutosha wiki mbili sasa hazifiki hata wiki moja.

Kilichoniuma zaidi ni mteja aliyerudisha trela. Mkono wa kukokotea ulikuwa umepasuka kwenye mshono. Nilipoukata nikakuta vitundu vimejaa ndani kama sifongo. Nilimtengenezea upya bila malipo, lakini sikuweza kumtazama usoni. Angekuwa barabarani na mzigo je?

Maswali yangu ni mawili. Mnapigaje hesabu ya elektrodi ili mjue ipi ni nafuu kweli? Na dukani, kabla sijalipa, naitambuaje iliyo nzuri?

Fundi mkongwe

Pole sana, mwanangu. Hilo la trela lingemnyima usingizi fundi yeyote anayeipenda kazi yake.

Acha kuhesabu kwa paketi. Hesabu kwa mita moja ya mshono uliokwisha kusafishwa, tayari kwa rangi. Ukigawa gharama ya mita hiyo, utaona sehemu kubwa ni muda wa fundi. Elektrodi yenyewe ni kipande kidogo. Kwa hiyo ulichookoa dukani kilikuwa kidogo, na ulichoongeza karakanani ni kile kikubwa: muda, umeme, diski.

Angalia na vipisi mnavyotupa. Elektrodi ya 3.2 kwa kawaida ina urefu wa milimita 350. Ukibakiza kipisi cha 50, umetupa sehemu moja ya saba. Lakini kama ganda, ile dawa iliyoufunika waya, linabanduka kabla ya wakati na kijana anatupa kwenye 100, hapo zaidi ya robo ya elektrodi imeishia kwenye ndoo. Nenda kapige jicho kwenye ndoo yako.

Dukani, omba ufunguliwe paketi moja. Mimi huanza na ncha ya kuwashia. Itazame kwa mbele kama unavyotazama penseli: waya uwe katikati kabisa ya ganda. Ukiwa umesogea upande mmoja, ganda litakuwa nene huku na jembamba kule. Upande mwembamba unaungua haraka, ule mnene unabaki umechomoza kama ukucha, na moto unavutwa pembeni. Hata mkono uwe mzuri vipi, mshono utapinda. Halafu tazama upande wa kushikia kama una kutu, na upitishe kidole kwenye ganda kutafuta nyufa au unga mweupe. Kwenye boksi kuwe na kiwango, AWS A5.1 cha Marekani au ISO 2560 cha kimataifa, namba ya bechi, na ampea zinazofaa.

Namba pekee isikupumbaze. Ile 60 ya 6013 inamaanisha chuma cha mshono kinatakiwa kuhimili angalau paundi 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Haisemi lolote kuhusu slagi itakavyobanduka wala matone yatakavyoruka.

Jambo la mwisho, usizihukumu kabla hujakagua mashine. 6013 ya 3.2 huenda vizuri kwenye ampea 90 hadi 130 hivi. Ukizidisha, au kibanio cha ethi (kile kinachoshikwa kwenye chuma unachochomelea) kikiwa kimelegea, hata elektrodi nzuri itatema cheche.

Mkaguzi wa mishono

Fundi mkongwe amesema vizuri. Mimi niongeze upande wa unyevu, maana kazi yangu ni kukagua na nimeuona ukiharibu kazi za watu makini.

Kaka, vile vitundu ulivyokuta kwenye trela havitoki kwenye elektrodi mbovu peke yake. Kutu, rangi, grisi na unyevu vyote huvileta. Na kwa mkono wa kukokotea, chuma kikiwa kinene, mimi ningekushauri elektrodi ya aina ya 7018. Kwa geti na chuma chembamba 6013 inatosha kabisa. Usilipie ziada pasipo na haja.

Ila 7018 inadai matunzo. Sifa yake ni haidrojeni kidogo, na ikinyonya unyevu hewani sifa hiyo inapotea. Haidrojeni ikiingia kwenye chuma kinene au kigumu, ufa unaweza kutokea saa nyingi baada ya kazi. Niliwahi kuukagua mshono mchana, msafi, mawimbi yamepangana kama magamba ya samaki. Kesho yake nimerudi na kurunzi, kuna mstari mwembamba kama unywele pembeni yake. Tuliukata wote.

Paketi ikifunguliwa, zikae kwenye oveni ya nyuzi za Selsiasi 120 hadi 150. Kanuni ya Marekani ya kuchomelea miundo ya chuma, AWS D1.1, inaruhusu 7018 ya kawaida ikae nje saa 4 tu. Iliyopitiliza huokwa upya kwa nyuzi 260 hadi 430 kwa angalau saa mbili, mara moja tu. Elektrodi za aina ya 6010 usizioke hata kidogo, ganda lao linahitaji unyevu wake ili lifanye kazi.

Mleta mada

Shikamoo fundi mkongwe, na dada mkaguzi nashukuru sana. Nimefanya jaribio leo. Bamba moja, ampea 110, mkono wangu mwenyewe, elektrodi tatu za kila aina.

Zile za zamani zilinipa wastani wa sentimita 26 za mshono kila moja, na slagi ilinyanyuka yenyewe ikijikunja. Hizi za katoni zilinipa 19, na kusafisha kulichukua mara nne ya muda. Nikafungua paketi mpya na kutazama ncha 20: katika 7 waya umeegemea upande mmoja, unaonekana kwa macho tu.

Lakini nimekuta na kosa langu. Katoni ilikuwa inakaa sakafuni, imeegemea ukuta wenye ukungu. Nimeshatengeneza rafu ya juu. Katoni imebaki nusu, niifanyeje?

Fundi mkongwe

Marahaba. Toa zile zenye waya uliosogea. Zilizobaki mpe kijana ajifunzie kwenye vyuma chakavu, mlalo kwanza, kisha wima. Kwenye kitu kinachobeba mzigo usiziguse. Na yule mteja wa trela, mpigie aje uukague ule mkono mpya, maana hujatuambia uliurudia kwa elektrodi zipi.