Mchumba anataka tugandishe embrio, mimi nataka mayai yangu tu. Nimekosea wapi?

Binti_wa_Pangani
Habari za jioni wana jamvi. Nina miaka 33, niko Dar, mahari ilishapokelewa na ndoa ni baada ya Idi. Tangu shuleni hedhi yangu ni ya kulala sakafuni. Kazini huwa nasingizia malaria. Mwezi uliopita utrasaundi ikaonyesha endometriosisi, yaani nyama kama ile ya ndani ya mji wa mimba kuota nje yake, na uvimbe wenye damu nzito ya rangi ya chokoleti kwenye ovari zote mbili, vile vifuko vinavyotunza mayai. Lazima nipasuliwe. Daktari hakuzunguka: upasuaji wenyewe unaweza kuondoka na sehemu ya mayai, na kipimo cha AMH, homoni inayokadiria mayai yaliyobaki, kimesoma 0.9, yaani akiba yenyewe si ya kujivunia. Anashauri nichome sindano za homoni kama siku kumi, mayai yavunwe yagandishwe, ndipo niingie chumba cha upasuaji.

Hela ninayo, ni ya vikoba miaka minne. Shida imeanzia kwenye fomu. Wanauliza mnagandisha mayai matupu au embrio, yaani yai lililokwisha kurutubishwa kwa mbegu za mwanaume. Mchumba kang'ang'ania embrio. Anasema mayai matupu ni "kumwekea akiba mwanaume mwingine". Ukurasa wa nne kuna swali: mkitengana, embrio zifanywe nini? Akachukua kalamu mkononi mwangu, akatia tiki "ziharibiwe", akacheka: "Si hatuachani, hii ni fomu tu." Sijasaini. Jioni mama yake kapiga: "Mwanangu, mbegu za kijana wangu zikae kwenye friji ndo mambo gani?"

Naambiwa mbishi. Nisaidieni.

Mzee_wa_Kahawa
Olewa, zaa, upasuaji baadaye. Hela ya mayai ya friji nunua kiwanja Kibaha.

NesiWaZamu
Mzee wangu, shikamoo, lakini umesoma hapo alipoandika analala sakafuni?

Dada, pole sana. Wapo wenye endometriosisi wanaoshika mimba wenyewe, hilo muulize daktari wako waziwazi. Ila ushauri aliokupa ni wa kawaida kabisa kwa mtu mwenye uvimbe pande zote mbili. Kuvuna mayai hakupasui tumbo: unalazwa usingizi mwepesi, sindano inapita ukeni ikiongozwa na utrasaundi. Zamani mayai matupu yalikuwa yanakufa sana kwa sababu yai limejaa maji, likiganda taratibu barafu inalichana ndani. Siku hizi linagandishwa ghafla kiasi kwamba barafu haipati nafasi ya kujitengeneza. Ndiyo maana madaktari wa uzazi wa Marekani waliacha kuita njia hii ya majaribio mwaka 2012.

Na halikai kwenye friji, mwambie mama mkwe. Ni mtungi wa naitrojeni, gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Umeme ukikatika mayai hayana habari. Wewe uliza naitrojeni inajazwa kila baada ya muda gani na nani anakagua.

Sasa lisilopendeza: kwa 0.9 unaweza kupata mayai machache, pengine ukahitaji mizunguko miwili ya sindano na kuvuna, na yai lililogandishwa si mtoto. Wakati wa sindano tumbo likijaa ghafla au pumzi ikibana, usingoje asubuhi.

Msomi_wa_Posta
Kesi yako ilishatokea, karibu neno kwa neno. Uingereza, 2001, Natallie Evans aligundulika na uvimbe wa awali wa saratani kwenye ovari. Aliuliza kama anaweza kugandisha mayai matupu, akaambiwa kliniki ile haifanyi. Mchumba wake naye akamtuliza kwamba hawaachani, hakuna haja. Wakagandisha embrio sita, ovari zikatolewa. Mwaka uliofuata wakaachana, na mwanaume akaandika barua kliniki kuondoa ridhaa yake. Mama wa watu alipanda mahakama zote mpaka ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na Aprili 2007 akashindwa, majaji 13 kwa 4. Hakuwa tena na yai hata moja.

Mimi simlaumu sana yule mwanaume, kulazimishwa ubaba si jambo dogo. Lakini ndiyo maana embrio ina wenyewe wawili na yai lina mwenyewe mmoja. Mchumba wako akiweka tiki pale amekuambia ukweli, msikilize.

AbuSumaya
Umesema ndoa baada ya Idi, kwa hiyo nikah bado. Mwaka 1980 Mufti wa Misri, Sheikh Jad al-Haq, alitoa fatwa kuruhusu kurutubisha nje ya mwili kwa mume na mke, wakiwa ndani ya ndoa. Ninyi bado ni wachumba. Kuchanganya mbegu zenu leo ni tatizo kubwa kuliko mayai yako kukaa peke yake. Mwulize hilo mchumba wako, na akitaka aende kwa sheikh wake.

Fundi_AC
Wanaume wenzangu tuseme ukweli. Jamaa anaogopa, basi. Mimi mke wangu alipoambiwa habari za kliniki nilinuna wiki mbili, kumbe nilikuwa naogopa kupimwa mbegu. Mkalishe mahali hakuna mama yake.

Mzee_wa_Kahawa
Nesi, marahaba. Sikujua ya kulala sakafuni. Kiwanja kitasubiri.

Binti_wa_Pangani
Asanteni. AbuSumaya, nilimsomea ujumbe wako kwa simu. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. Kasema atamwuliza sheikh. Hajakubali, hajakataa.

Leo nimepiga kliniki kuomba fomu mpya. Dada wa mapokezi kauliza, "Mume anakuja naye?" Nimemwambia nakuja mwenyewe. Siku ya pili ya hedhi naanza sindano.