Jirani hashuki ngazi: nimfanyie nini zaidi?

Shalom wapendwa. Naishi Kisauni, ghorofa ya tatu. Bi mkubwa wa mlango wa pili, Mwislamu, anaugua nyonga. Mfereji umekauka, na muuza maji wa mkokoteni humwachia mitungi chini. Nampandishia, ila moyo wanisukuma zaidi. Nikimpikia, atakula?

— Muulize tu, dada. Nyama nunua bucha la halali. Mahamri na mbaazi hayana neno, tena keti mle pamoja; upweke nao ni ugonjwa.

— Soma Luka 10. Yule Msamaria alifunga majeraha, akampandisha kwenye mnyama wake, akalipa dinari mbili. Dini hakuuliza! Mlipie tuktuk ya kliniki.

— Ahsanteni. Amekubali mbaazi, ila nazi iwe nzito. Tuktuk nimeshaagiza, Jumatatu alfajiri kabla foleni haijajaa.