Dogo kapimwa mkono kaambiwa mfupa umefunga, ndo basi tena mechi za kufuzu U17?

Mjomba_Kihonda
Wakuu habari za jioni, naombeni mnisaidie kwenye hili maana nyumbani kumechafuka tangu juzi. Nina mtoto wa dada yangu anacheza namba 8, kiungo, mguu wa kushoto, kwa kweli mpira anaujua na hilo sisemi kwasababu ni wa kwetu, hata wasiomjua wanasema. Akaitwa kwenye kambi ya majaribio ya U17, yaani timu ya taifa ya chini ya miaka 17, wanatafuta vijana waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2009, na cheti chake kinasema Machi 2009 kwaiyo yumo. Siku ya tatu ya kambi wakapakiwa kwenye Coaster asubuhi bila kunywa chai wakapelekwa hospitali, wakaingizwa mkono kwenye ile mashine ya kupima umri mmoja mmoja. Kesho yake jioni majina yakasomwa uwanjani, aliyetajwa anabaki, asiyetajwa anapewa nauli. Yeye kapewa nauli. Kocha msaidizi akamvuta pembeni akamwambia mfupa umefunga, hakuna cha ziada.

Sasa maswali yangu, hicho kipimo kina uhakika kiasi gani mpaka kimshinde mtu mwenye cheti cha serikali? Na la pili, hizi mechi za kufuzu zenyewe siku hizi zinachezwaje, maana mimi nimeganda kwenye zile za nyumbani na ugenini, mara ya mwisho kufuatilia kwa makini ni ile ya Congo 2016 nikiwa Taifa kwenye jua kali mpaka nikaungua shingo.

Kijiwe_Namba9
Kijeba hicho mkuu, kazidi umri, mpeleke ndondo za mtaani akale hela 😂😂

Mzee wa Benchi
Namba9 acha utani mtu ana shida ya kweli.

Mjomba naanza na la pili ndo lepesi. Nyumbani na ugenini kwa wavulana U17 kuliisha, kuanzia zile za kutafuta AFCON (kombe la Afrika) ya 2019 CAF, wenye mpira wa Afrika, wakahamishia kwenye kanda. Sisi Afrika Mashariki tuko CECAFA, kusini huko COSAFA, waarabu UNAF, Afrika ya kati UNIFFAC, magharibi wamegawanywa WAFU A na WAFU B. Timu zinakusanyika nchi moja, mnacheza makundi, nusu fainali, fainali, wiki mbili kazi imeisha. Kwa upande wetu 2022 na 2024 walioingia fainali ya kanda walipata tiketi, kwaiyo mechi yenye roho ya mtu ilikuwa NUSU FAINALI, fainali yenyewe ni kombe tu la kupigia picha. Mwaka 2022 kule Addis waliopata ni Somalia na Sudan Kusini, sisi na Uganda tukarudi na mabegi, watu wengi hawakuamini. Disemba 2024 kule Uganda ikawa zamu yetu na wenyeji.

Ubaya wa mfumo huu ni kwamba ukiamka vibaya siku moja umekwisha, hakuna marudiano. Uzuri wake ni hela, maana fikiria enzi zile 2016 tulianza na Shelisheli, tukaja Afrika Kusini, tukaja Congo Brazzaville, hizo zote ni tiketi za ndege kwenda na kurudi za msafara mzima wa watoto.

Na hiyo ya Congo unayoikumbuka naona umeishia jua la Taifa hukumalizia hadithi. Tulishinda 3-2 Dar, tukaenda kwao tukafungwa 1-0, goli la ugenini likatutoa. Tukaenda AFCON ya Gabon 2017 kwasababu TFF, shirikisho letu, walikata rufaa juu ya umri wa mchezaji wao mmoja, CAF wakataka aletwe apimwe MRI, ndo hiyo mashine ya picha ya mkono, hakuletwa, Congo wakaondolewa tukaingia sisi. Kipimo hichohicho unachokilalamikia leo ndo kilitupa tiketi. Tena kule Gabon tulifanya vizuri tu, sare na Mali 0-0, tukamfunga Angola 2-1, mechi ya mwisho na Niger tulihitaji DROO TU twende nusu fainali na Kombe la Dunia kule India, tukafungwa moja bila. Tukalingana pointi 4, wao wakapita kwasababu walitufunga sisi. Mpaka leo hiyo mechi nikiikumbuka nabadilisha chaneli kichwani.

Mtu wa Picha
Nafanya kazi chumba cha MRI, siyo huko alikopimwa dogo, ila kipimo nakijua. Nieleze kidogo maana watu wanadhani ni uchawi.

Kwenye kifundo cha mkono, mfupa wa upande wa dole gumba, karibu na mwisho wake kuna sehemu mfupa unakulia. Kwa mtoto pale ni gegedu, kwenye picha unaona mstari umekatiza kama ufa kwenye kikombe. Akikua ule mstari unaanza kuzibika kuanzia katikati kwenda pembeni, mpaka unapotea kabisa mfupa unakuwa kitu kimoja. Tunaupa daraja 1 mpaka 6, 6 ndo umefunga kabisa na hiyo ndo inayomtoa mtu. Daraja la 5, mstari umebaki kidogo tu pembeni, bado anaruhusiwa. FIFA walianza kukitumia Kombe la Dunia U17 2009 kule Nigeria. Wanatumia MRI badala ya eksirei kwasababu haina mionzi, huwezi kumpiga mtoto mzima wa afya mionzi eti kwa ajili ya mpira.

Uhakika wake: kwa wavulana wa miaka 16, ambaye mfupa umefunga kabisa hafiki mmoja katika mia. Kwaiyo inawezekana dogo wenu ndo huyo mmoja, mimi siwezi kukataa, ila usisahau kipimo hakisemi umri. Hakisemi huyu ana 18 au 21. Kinasema tu huyu ni mgumu sana kuwa chini ya 17. Na wanaofeli ni wengi kuliko mnavyodhani, Cameroon Januari 2023 walipimwa vijana 30 kabla ya mechi za kanda yao, 21 wakafeli. Ishirini na moja. Wakaokota wengine haraka haraka na bado wakafuzu.

Kijiwe_Namba9
Na hao Sudan Kusini waliofuzu 2022 si ndo walifika Algeria kwenye AFCON baadhi yao wakafeli MRI timu nzima ikaondolewa, kundi likachezwa na timu tatu. Yaani umefuzu kwenye kanda, umepanda ndege, unarudishwa mlangoni. Bora dogo kapewa nauli ya basi.

Binti wa Likoni
Hamjambo wenzangu, mimi niko Mombasa, napita tu ila niongeze kitu maana nyinyi mwaongea wavulana peke yake. Wasichana U17 mambo yao ni tofauti, wao bado wacheza nyumbani na ugenini, raundi baada ya raundi, na hakuna AFCON yao, ukishinda raundi ya mwisho waenda moja kwa moja Kombe la Dunia. Junior Starlets, mabinti wetu wa Kenya, 2024 walimtoa Ethiopia, wakamtoa Burundi, wakaenda Jamhuri ya Dominika chini ya kocha Mildred Cheche, na hiyo ndiyo timu ya kwanza ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la mpira, wa kike au wa kiume. Wakamfunga Mexico 2-1. Siku hiyo nililia wallahi, mume wangu akauliza kuna msiba?

Na nyinyi Watanzania msijifanye mmesahau, Serengeti Girls, mabinti wenu wa U17, 2022 walienda Yaounde wakampiga Cameroon 4-1 kwao, marudiano Zanzibar 1-0. Huko India wakamfunga Ufaransa 2-1 wakafika robo fainali.

Ndugu wa picha, hawa mabinti nao hupimwa huo mkono?

Mtu wa Picha
Hapana dada, kwa mabinti hakitumiki, mifupa yao inafunga mapema kuliko ya wavulana kwaiyo kingewaonea. Wao ni karatasi tu.

Mzee wa Benchi
Na kocha wa hao Serengeti Girls ni Bakari Shime, yuleyule aliyekuwa na wavulana Gabon. Kule kakosa India kwa droo moja, miaka mitano baadae kaenda India na mabinti. Mpira una visa.

Mjomba_Kihonda
Wakuu asanteni sana. Nimerudi na habari ambayo sijui niiweke vipi.

Baada ya kusoma hapo kwa mtu wa picha jana usiku nikamuomba dada kadi ya kliniki ya dogo. Akasema imepotea. Leo asubuhi kaenda sokoni, bibi yake dogo akaitoa mwenyewe kwenye sanduku, ipo ndani ya mfuko wa rambo pamoja na vyeti vya ubatizo. Imechakaa, kona moja imeliwa na mende, lakini inasomeka. Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu, siku na mwezi kama kwenye cheti, ila kwenye mwaka ile 9 ya mwisho ina wino mweusi. Nikaisogeza dirishani. Chini ya ile 9 kuna 7, kichwa chake cha bapa kinaonekana kabisa, mtu kaongezea tumbo pembeni. Alafu chanjo ya surua imegongwa muhuri wa Desemba 2007. Sasa mtoto wa Machi 2009 kachomwa vipi sindano 2007.

Dada karudi nikamuuliza taratibu tu. Akasema dogo alifeli la saba, wakamhamishia shule nyingine arudie, wakaona na umri upungue asionekane mkubwa darasani, cheti wakakikatia hapo hapo. Anasema hata mpira hakuufikiria, dogo kipindi hicho alikuwa mnono hawezi kukimbia. Na mimi namuamini. Dogo mwenyewe anasema hajui kitu, hapo sasa sijui kama namuamini.

Kijiwe_Namba9
Mkuu naomba radhi kwa ile ya ndondo, ingawa nilipatia.

Mzee wa Benchi
Mjomba shukuru Mungu imegundulika kwenye kambi. Nakwambia kilichowapata Guinea AFCON U17 ya 2019, mashindano yalikuwa hapahapa kwetu Dar, walicheza mpaka fainali wakafungwa na Cameroon kwa penati, tiketi ya Kombe la Dunia la Brazil mkononi. Kumbe wachezaji wao wawili walishaenda mashindano Japan 2017 wakiwa na tarehe nyingine za kuzaliwa. Timu nzima ikaondolewa, Senegal wakaenda Brazil badala yao. Hakuna MRI hapo, ni karatasi mbili zimekutana. Na sisi wenyewe tuna dhambi hiyo, ile AFCON U17 ya Gambia 2005 tulishafuzu tukaondolewa kwa kijeba.

Kwaiyo ushauri wangu, kama dogo hajawahi kukatiwa pasipoti wala kusajiliwa popote kwa hiyo 2009, rekebisheni sasahivi kabla jina halijaingia kwenye mfumo. Nendeni na hiyo kadi kama ilivyo, msiifute tena. Mzaliwa wa Machi 2007 bado anaingia U20 za 2027, wanataka kuanzia 1 Januari 2007, anapita kwa miezi miwili na kitu. Na U20 nako ni kanda hivyohivyo, Oktoba 2024 pale Chamazi tulimfunga Kenya 2-1 fainali, wote wawili tukaenda AFCON U20 Misri. Mkono huko haupimwi, mifupa ya wengi imeshafunga.

Alafu usimkatie tamaa kwa kukosa hii ya U17. Uganda 2025 kwenye AFCON U17 kule Morocco walipigwa TANO na wenyeji, wakamaliza kundi nafasi ya tatu, wakamfunga Gambia kwenye mchujo wakaenda Kombe la Dunia Qatar, kule wakamfunga Ufaransa wakafika 16 bora.

Binti wa Likoni
Lakini mjomba huyo dada yako usimgombeze sana. Alitaka mtoto asome.

Mjomba_Kihonda
Simgombezi dada yangu, tumekaa tu kila mtu anaangalia chini. Jumatatu naenda naye kuulizia utaratibu wa kubadilisha cheti, nasikia kuna kiapo cha mahakama na nini, mwenye uzoefu aniambie gharama. Shule nayo sijui itakuwaje maana yuko kidato cha tatu kwa hiyo 2009.

Dogo nimemwambia sasahivi habari ya U20. Kauliza swali moja tu, "kwaiyo mjomba mimi nina miaka mingapi?" Nikamwambia. Kachukua mpira katoka nje, nasikia anaupiga ukutani.