Kifurushi ni cha megabiti 50, lakini mikutano ya video inakatika kila jioni. Tatizo liko wapi?

Swali

Ndugu zangu, naomba msaada katika jambo ambalo limenisumbua kwa wiki 3 sasa. Nyumbani tuna kifurushi cha intaneti cha megabiti 50 kwa sekunde, lakini ninapopakua faili kubwa kwenye kompyuta iliyoko sebuleni, programu hunionyesha 6 tu, nami naona kama ninalipia kitu nisichokipata. Linaloniumiza zaidi ni mikutano ya kazi kwa njia ya video, ambayo huifanyia chumbani, kuta 2 kutoka sebuleni: kuanzia saa 1 jioni sauti hukatika na picha huganda. Ruta iko nyuma ya televisheni. Nimeizima na kuiwasha mara nyingi, na nafuu hudumu dakika chache. Je, nipandishe kifurushi, au ninunue ruta mpya?

Jibu la 1

Usinunue chochote kwanza. Hiyo 6 unayoiona bila shaka ni megabaiti, si megabiti. Baiti 1 ina biti 8. Watoa huduma hutangaza kasi kwa megabiti, ilhali programu nyingi za kupakua huhesabu kwa megabaiti, na 50 ukiigawa kwa 8 unapata 6.25. Kwa hiyo pale sebuleni unapata kasi unayoilipia, na lalamiko lako la kwanza unaweza kuliweka kando.

Kuhusu chumbani, tenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya, yaani laini inayoingia nyumbani na Wi-Fi inayoisambaza ndani. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, pima kasi, kisha upime tena chumbani kwa Wi-Fi. Waya ukitoa 50 na chumbani ukapata 10, mtoa huduma hana kosa. Angalia pia kama kompyuta imeshika masafa ya gigahezi 2.4 au 5. Yale ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, lakini yana kasi ndogo na husongwa na Wi-Fi za majirani, vifaa vya Bluetooth na hata oveni ya maikrowevu; ya 5 yana kasi kubwa, ila hudhoofika haraka yanapokutana na ukuta. Na hiyo ruta itoe nyuma ya televisheni, kwa sababu bamba la chuma lililo ndani ya televisheni huzuia mawimbi. Iweke juu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya nyumba.

Jibu la 2

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu kupima, lakini nadhani ameipita dalili iliyo muhimu kuliko zote: tatizo huanza jioni. Ukuta hauongezeki unene saa 1 jioni. Kinachobadilika saa hiyo ni watu kurudi nyumbani na simu zao, na simu nyingi zikishika Wi-Fi huanza kupandisha picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni bila mwenyewe kujua. Katika vifurushi vingi kasi ya kupandisha ni ndogo mno kuliko ya kupakua, kwa hiyo njia hiyo hujaa upesi. Ikijaa, ruta hupanga data kwenye foleni ndefu, na sauti yako ya mkutano hulazimika kusubiri nyuma ya mamia ya picha. Vipimo vya kawaida vya kasi vinaweza kuonyesha kwamba kila kitu ni kizima, kwa kuwa havikuulizi umesubiri kiasi gani.

Pima muda wa majibu (ping), yaani muda ambao data hutumia kwenda na kurudi, nyumba ikiwa tulivu, kisha upime tena wakati simu moja inapandisha video kubwa. Ukiona umetoka milisekunde 20 hadi mia kadhaa, basi hilo ndilo tatizo lako, na kifurushi kikubwa zaidi cha kupakua hakitalitibu. Ruta nyingi zina sehemu ya kudhibiti foleni, ambamo unaweza kuweka ukomo wa kupandisha wa takriban asilimia 90 ya kasi halisi, ili foleni isiachwe irefuke.

Muulizaji

Nimefanya yote mawili, na nashukuru sana. Kwa waya nimepata megabiti 48. Chumbani kompyuta ilikuwa imeng'ang'ania gigahezi 2.4 na kupata 9. Baada ya kuihamisha ruta na kuchagua 5, nimepata 33. Jana jioni muda wa majibu ulikuwa milisekunde 610, na nilipozuia simu 2 zisipandishe picha, ukashuka hadi 24. Je, niongeze pia kile kifaa cha kurudia mawimbi kwa ajili ya chumba cha mwisho?

Jibu la 3

Kwa hicho kifaa uwe mwangalifu. Vile vya bei ndogo hupokea na kutuma kwa redio moja, na hivyo kasi hupungua karibu nusu. Tena wengi hukiweka ndani ya chumba chenye mawimbi hafifu, kikabaki kurudia udhaifu ule ule. Kama unaweza kupitisha waya wa mtandao hadi chumba hicho na kuweka kituo cha pili cha Wi-Fi, hiyo ndiyo njia ninayoiamini. Tumia waya wa mtandao wa daraja la Cat5e au la juu zaidi, na ukaze vichwa vyake vizuri.

Kwa vifaa vitakavyobaki kwenye 2.4, nenda kwenye mipangilio ya ruta uchague chaneli (kipande cha masafa hayo) 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani. Na ikitokea siku nyingine kasi ikashuka jioni hata kwa waya, huku vifaa vingine vyote vimezimwa, msongamano utakuwa upande wa mtoa huduma. Hapo pima kwa siku kadhaa, andika saa na matokeo ya kila kipimo, kisha umpelekee jedwali hilo, ukitaja wazi kwamba ulipima kwa waya, kwa maana hilo ndilo swali la kwanza atakalokuuliza.