Ushauri: Vita vya Maji Maji kwa sauti, darasa la nne, watoto 70

chaki_nyeupe: Wakuu, habari za kazi. Naandaa vipindi vya sauti vya Vita vya Maji Maji kwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Darasa lina watoto 70, juu bati tupu, umeme wa kubahatisha. Vifaa ni simu janja na spika moja ya bluetooth inayosoma memori kadi. Rasimu ina dakika 25, inaanzia Ngarambe hadi 1907. Niigawe vipi? Milio ya bunduki niweke? Na sauti inatoka na mwangwi kama wa bafuni, dawa yake nini?

mkeka_wa_hadithi: Mwalimu, dakika 25 kwa umri huo ni nyingi mno. Kata vipande vinne vya dakika 6 au 7. Ukisoma maneno 110 kwa dakika, dakika 7 ni maneno 770, usizidishe hapo. Kila kipande mahali pamoja, tukio moja. Cha kwanza: umatumbini kabla ya vita, watu wanalima pamba ya serikali ya Wajerumani kwa lazima, akida (msimamizi aliyewekwa na Wajerumani) anasimamia, huku mashamba yao ya chakula yanaota magugu. Cha pili Ngarambe kwa Kinjikitile, mganga aliyegawa maji ya dawa yaliyoaminika kugeuza risasi kuwa maji. Cha tatu Nandete, Julai 1905, pamba inang'olewa. Cha nne Ungoni, nchi ya Wangoni huko Songea, na njaa.

Cha kwanza usikiruke ili uwahi mapigano. Mtoto asiyejua kero ya pamba atadhani watu waliingia vitani kwa sababu ya dawa tu.

Halafu "Hapo zamani za kale" na "Paukwa, pakawa" viache. Mtoto akizisikia anawangoja sungura na fisi, na Kinjikitile anaingia kundi hilohilo. Anza hivi: "Ni Julai 1905. Tuko Nandete, vilima vya Matumbi, Kilwa." Ukitaka mhusika wa kubuni, tuseme binti wa miaka kumi anayepalilia pamba, mpe sauti ya mtu mwingine, na msimulizi aseme mapema kwamba binti huyo ametungwa ila shamba na akida walikuwepo. Sauti mbili zinatosha. Zikifika nne watoto wanapotea, maana hawaoni sura.

fundi_mawimbi: Mwangwi hautibiwi kwenye programu, unatibiwa chumbani. Rekodi kwenye chumba chenye godoro, tundika blanketi zito mbele yako na jingine nyuma. Simu ikae shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, la sivyo kila "p" na "b" inapuliza kipaza sauti. Zima laini na data, zima feni. Rekodi kwa WAV (faili la sauti isiyobanwa), hariri kwa Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, ukimaliza toa MP3 ya mono (mkondo mmoja wa sauti), kbps 64. Kipande cha dakika 7 kitakuwa na MB 3 na ushee, kinapita WhatsApp bila shida.

Muziki chini ya maneno uondoe kabisa. Kwenye spika ndogo chini ya bati, muziki na sauti ya mtu vinagombana, na aliyekaa nyuma anasikia uvumi tu. Weka sekunde 5 za ngoma mwanzoni na 5 mwishoni, basi. Mlio mmoja wa karibu unatosha: kung'oa mashina ya magugu kwenye udongo mkavu, uking'oa moja moja polepole. Hiyo ndiyo Nandete yako.

kumbukumbu_kusini: Bunduki usiweke. Kuna watakaocheka na kuna watakaoogopa, na kwa vyovyote hawatasikia sentensi inayofuata.

Sasa rasimu yako. Wengi wanamfanya Kinjikitile aongoze vita mpaka 1907. Alinyongwa Mohoro Agosti 4, 1905, vita ndiyo kwanza vimeanza. Vikaendelea bila yeye, na Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, alinyongwa mapema 1906. Idadi ya waliokufa usiipe tarakimu moja: makadirio yanatoka 75,000 hadi 300,000, wengi kwa njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma maghala na mazao. Kwa watoto sema "wengi mno, na wengi wao kwa njaa", kisha eleza ghala likichomwa familia inakula nini msimu unaofuata.

chaki_nyeupe: Shukrani wakuu. Wakiuliza "mbona maji hayakuzuia risasi, walikuwa wajinga?"

kumbukumbu_kusini: Watauliza tu, kwa hiyo jibu liwe ndani ya kipande cha pili. Watu wa lugha na koo tofauti, wasio na mfalme mmoja, walipata kitu kimoja cha kuwaunganisha dhidi ya mtawala mmoja. Risasi haikugeuka maji, ila umoja ulikuwa wa kweli. Sema yote mawili.

mkeka_wa_hadithi: Miaka nayo haishikiki kwa masikio peke yake. Funga kamba ukutani, sentimita 1 kwa mwaka: kutoka 1905 hadi uhuru 1961 ni sentimita 56. Watoto waende kuishika.

Siku ya kusikiliza, spika iwe katikati ya darasa juu ya dawati, si mbele. Simamisha mara mbili tu, kila mara swali moja la kukisia: "Akida akikuta pamba imeng'olewa, atafanya nini?" Kisha rudia kipande chote bila kusimama. Chaji spika usiku. Na uwe na andiko lililochapwa mkononi: mvua ikipiga bati hakuna spika ya bluetooth itakayoshindana nayo, hapo wagawe makundi ya saba saba, msomaji mmoja kila kundi.